Bibi Harusi wa Mbao na Sakafu ya Muyeye

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nimlete Bibi Harusi, nami nikatoka nje kwenda kumtafuta.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mjini Malindi, katika karakana ya useremala iliyokuwa nyuma ya soko. Nilitoka kwetu Tezo na skwea yangu ya kupimia pembe, futi yangu ya chuma na cheti cha chuo cha ufundi, nikijiona fundi aliyekamilika. Fundi Mkuu, mzee wa Mambrui mwenye kofia nyeupe na penseli sikioni, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwenye kigoda alichokuwa akikitengeneza.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niletee Bibi Harusi. Na tafadhali usimwangushe."

Nilifika mpaka barabarani. Nikamwona mama auzaye mahamri, nikamwona punda wa maji, harusi sikuiona. Niliporudi na kusema kwamba huyo bibi hayupo, mafundi walicheka hadi misumeno ikanyamaza.

"Yuko nyuma yako," Fundi Mkuu akasema. "Ameangikwa ukutani."

Kilikuwa kipande cha mbao chenye mteremko, kipana kama sinia, na kando yake kimepigiliwa vijiti vitatu vya kuzuia. Nyinyi vijana wa mashine za umeme huenda hamjui tulichokiita kigezo. Ni kifaa ambacho fundi hujitengenezea mwenyewe ili asipime kila mara. Ukitaka kukata miguu mia ya urefu mmoja, unapigilia kizuizi mwisho wa ubao, unasukuma mti mpaka ugote, unakata. Ukitaka matundu yapishane sawasawa, unatoboa kipande cha plaiwudi mara moja, kisha kila ubao unautoboa kupitia humo. Vyetu havikununuliwa. Vilitokana na makasha ya chai, misumari iliyokatwa vichwa, na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kubania mbao badala ya jiriwa ya chuma. Vilijaa ukutani na kila kimoja kilikuwa na jina lake: Kadhi, Shemeji, Nusu Mkate. Hakikuandikwa namba hata kimoja. Wiki zile za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyeoa ukoo mkubwa, sijui nani ni nani.

Bibi Harusi ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote: alibebwa kwa mikono miwili na ilikuwa mwiko kumwacha juani. Kazi yake ilikuwa viti vidogo visivyo na mgongo, vigoda tulivyouzia mahoteli ya ufuoni. Ubao wa kukalia uliwekwa juu yake mezani, ukalala kwa mshazari. Juu ya meza ilining'inia timazi, yaani uzi wenye kipande cha risasi, kutoka kwenye boriti. Fundi alisimamisha keekee yake kuufuata uzi ule na kutoboa moja kwa moja kwenda chini. Kwa kuwa ubao umelala mshazari, tundu nalo hutoka mshazari, na mguu ukiingizwa hutanuka nje kidogo. Unauzungusha ubao, unatoboa tundu la pili, kisha la tatu na la nne. Kigoda kikishuka chini kinakaa kitako kama mtu wa heshima.

Sasa jambo lililonitia wazimu ni hili. Wakati wa chai niliupima mteremko wa Bibi Harusi, kisha nikaupima mtanuko wa miguu ya kigoda kilichotoka kwake. Havikulingana. Miguu ilitanuka zaidi ya kilivyoelekeza kigezo. Nikapima tena. Nikabadilisha skwea, nikaazima ya mwenzangu, jibu likawa lile lile. Nilikwenda kwa Fundi Mkuu kichwa kikiniwanga.

"Fundi, huyu Bibi Harusi hesabu yake mimi sijaielewa."

"Kigoda kinakaa ama hakikai?"

"Kinakaa."

"Basi wataka nini tena? Hiyo futi yako kila ukiisoma yasema neno jipya. Kigezo chasema lile lile. Kaitie futi kwenye kasha, ufanye kazi."

Niliitia kwenye kasha. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi, ingawa mara nyingi sikujua ananifundisha au ananifukuza.

Karakana ile zamani ilikuwa ghala la barafu ya samaki. Mvua ikinyesha ilivuja kila pembe, kwa hiyo Tajiri, mwenye mali, akajenga mpya Muyeye. Alituita tuione sakafu ya saruji kabla hata ya paa kuisha. Mwashi wake alikuwa ameipita yote kwa pimamaji.

"Iko sawa hii!" Tajiri akajisifu. "Hata ukimwaga maji hapa, yatashangaa yaende wapi."

Tulihamisha kila kitu: meza, timazi, vigezo vyote vikiwa vimefungwa kwenye magunia, na Bibi Harusi mapajani mwa Fundi Mkuu. Hoteli moja ilikuwa imeagiza vigoda vya baraza yake ya vinywaji. Tukavitengeneza kwa kigezo kile kile, meza ile ile, mikono ile ile. Tukavipeleka. Haikupita wiki vikarudishwa vyote juu ya mkokoteni. Mgeni mmoja alikuwa amegeuka kumwita mhudumu, akaanguka yeye, kigoda na glasi.

Tulivipanga sakafuni tukavitazama. Vilisimama wima kama askari wa gwaride, miguu imebanana. Ukikalia na kugeuka kidogo tu, uko chini. Fundi Mkuu alivigusa kimoja kimoja. Alimwinua Bibi Harusi kwenye mwanga, akampapasa kutafuta ufa, hakuona kitu. Tukatengeneza vingine, vikatoka vile vile. Sijawahi kuona watu wazima wamepotelewa namna ile. Mmoja alisema ni mbao mbichi, mwingine akasema ni kijicho cha majirani.

Tajiri hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na deni la jengo na hoteli ilikuwa imemwonya. Alimwita Fundi Mkuu pembeni, ila sauti yake ilitufikia sote.

"Mzee wangu, macho yamechoka hayo. Hata mikono. Safari hii vikirudi tena, nakuomba upumzike Mambrui. Nitaleta fundi kutoka Mombasa."

Fundi Mkuu alisema tu, "Inshallah itakuwa kheri." Kisha akakaa kwenye kimoja cha vigoda vile vibaya, akiwa amekaza miguu ili asianguke.

Siku ya Ijumaa wenzangu wote walikwenda msikitini, nikabaki peke yangu na maswali yangu. Niliweka penseli mezani nikakinga kiganja ukingoni isianguke, kama nilivyozoea. Penseli haikuja. Nikaitazama. Nikaiweka tena, nikakinga tena. Imelala pale pale.

Kule kwenye ghala la zamani penseli haikukaa mezani hata siku moja. Ilibingirika kuelekea mlangoni, na sote tulikuwa tunaikinga bila kufikiri. Kuelekea mlangoni! Ghala la barafu, jamani, sakafu yake ilijengwa kuteremka ili maji ya samaki yatoke nje. Meza yetu iliteremka nayo miaka yote, na Fundi Mkuu alipomchonga Bibi Harusi kwa kujaribu na kujaribu hadi kigoda kikae, nusu ya mteremko ilikuwa ya kigezo na nusu ilikuwa ya sakafu. Ndiyo maana hesabu yangu haikulingana. Hapa Muyeye Bibi Harusi alibaki na nusu yake peke yake.

Ningeweza kungoja nimwambie. Lakini ningemwambiaje mzee, mbele ya watu, wakati Tajiri anatafuta kosa lake? Tajiri angesema kigezo kilikuwa kibovu tangu zamani. Nikakata kabari mbili, vipande vya mbao vilivyochongoka upande mmoja, kutoka kwenye kasha la chai. Nikazisukuma chini ya miguu miwili ya meza, kidogo kidogo, hadi penseli ikabingirika kwa mwendo ule wa kule sokoni. Nikazifukia kwa takataka za randa.

Walirudi. Fundi Mkuu akamweka Bibi Harusi mezani, akatoboa, akaingiza miguu, akakishusha kigoda chini. Kikakaa. Akakikalia, akageuka huku na huku. Karakana ikalipuka kwa vigelegele vya wanaume. Yeye hakucheka. Alitoa penseli sikioni akaiweka mezani, na ilipobingirika akaidaka kwa kiganja bila kuitazama.

"Haya, tuendelee," akasema.

Vigoda havikurudi tena. Fundi Mkuu alikaa mpaka alipotaka kuondoka mwenyewe. Mimi nilipelekwa Kilifi kusimamia madawati, kisha Mariakani kwenye viti vya mkahawa wa madereva wa malori, na kote nilijichongea vigezo vyangu. Mwishowe nikarudishwa Muyeye kushika nafasi yake. Siku moja tuliisogeza meza ile ili tupake chokaa ukutani. Niliinama kuokota kabari zangu za kasha la chai.

Hazikuwapo. Palikuwa na kabari mbili za mbambakofi, mti mgumu, zimepigwa randa na msasa, zimetiwa mafuta, kingo zake laini kama za mguu wa kitanda cha mwali. Mkono ule niliujua.

Nilikwenda Mambrui nikiwa na maswali tele. Alijua lini? Kwa nini hakusema? Alinikasirikia? Macho yake yalikuwa yameshazimika wakati huo, nikamwamkia nikiwa mlangoni.

"Marahaba," akajibu. "Ni wewe, Katana? Ile meza ingali yateremka?"

"Yateremka, Fundi."

"Zako zilikuwa za mbao laini. Zisingedumu."

Akaagiza niletewe kahawa. Nami maswali yote yakanikimbia.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Tezo. Kabari zile nilipewa siku ya kuagwa. Nimejaribu kuziweka chini ya hiki na kile, hazina kazi. Meza yangu ya kulia iko sawa kabisa, nimeipima mwenyewe. Lakini nikiweka penseli juu yake, mpaka leo, naikinga kwa kiganja.