Siku Nilipokalia Kiti cha Mwanangu

Mkipita Msambweni msitaje jina langu, tafadhalini. Watoto walioniona siku ile sasa wana wajukuu, na bado nikishuka pale kwa mazishi au harusi nasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule wa kiti." Ndiye mimi, sikatai. Mwanamume mzima mwenye ndevu, mtunza stoo wa hoteli kule Diani, niliyekwama ndani ya kiti cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mbele ya mama mkwe, tena nimevaa kikoi.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya Uhuru, enzi ambazo gari likiingia mtaani watu hutoka nje kulitazama, na mimi nilikuwa nalo, Pijo kuukuu ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya (lakini lilikuwa gari, na mimi nikiitwa mwenye gari). Pale hotelini palikuwa na familia ya wageni iliyokaa sana, na walipokuwa wakirudi kwao, baba wa ile familia akanipa kiti walichokuwa wakimkalishia mtoto wao garini. Kiti cha chuma chenye mto mwekundu, kina ndoana mbili za kutundika juu ya mgongo wa kiti cha gari, kina mkanda wa kumfunga mtoto kifuani na kiunoni, na zaidi ya hayo kina mikanda mingine miwili, mirefu na minene, yenye vyuma vilivyotobolewa kwenye ncha. Yule bwana alinieleza taratibu namna ya kukifunga, akainama mpaka magotini kunionyesha sakafu ya gari, na mimi nikawa naitikia "ndiyo, bwana, ndiyo, bwana," huku akili yangu yote iko Msambweni, naona vile mama mkwe atakavyoshika mdomo kwa mshangao. Neno hata moja halikuingia.

Mama mkwe mwenyewe hakuwa mtu wa kushangazwa kwa urahisi. Alinipa binti yake kwa shingo upande, maana alikuwa amemtaka mwalimu fulani, na kila nilipokwenda nilihisi bado ananipima. Na mwazijua adabu zetu: mkwe wa kiume ana haya na mama mkwe wake. Nilikuwa nikila chumba cha mbele yeye yuko uani, na tukisalimiana macho yangu yako chini. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Basi, yamekwisha.

Idi ya mbuzi ikafika, tukaondoka Ukunda kwenda kwao. Riziki, binti yetu, alilala kwenye ziwa la mamake kabla hatujatoka mtaani, kwa hivyo mamake akampakata njia nzima, na kile kiti nilichokitundika kwa madaha kikabeba sinia la mahamri. Mahamri yalifika salama. Hilo nalo likanidanganya.

Siku ya pili ya Idi, wakati wa kurudi, mama mkwe akatoa godoro la sufi alilomshonea mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, zuri, nene, la mistari. Likapandishwa juu ya paa la gari, kwenye keria. Natafuta kamba, sina. Nikaikumbuka ile mikanda miwili minene iliyokuwa haina kazi chini ya kiti, nikaichomoa, nikalifunga godoro kwa nguvu zangu zote, nikalipiga kofi, halikutikisika.

Mke wangu alikuwa amesimama na mtoto mbavuni. Akaniuliza, "Baba Riziki, mikanda hiyo si ya kiti?"

"Hiyo ni ya kufungia mizigo tu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua. "Kiti kina ndoana."

Hapo ndipo nilipoikosea siku. Sema mimi sikujua, nikaendelea kujivuna, nikafungua mlango wa nyuma na kuwaita watu waje waone mtoto wa kisasa anavyosafiri. Wakaja. Siku ya Idi watu hawana kazi, wakaja majirani wote na watoto wao wenye nguo mpya, na nyuma yao mama mkwe na leso zake mbili. Akakitazama kile kiti, akautazama ule mkanda, akamchukua Riziki kutoka kwa mamake na kumkumbatia.

"Baba," akaniambia, "huyu wataka kumfunga kama mbuzi wa Idi?"

Watu wakacheka. Nikasema, huku nikiangalia vidole vyangu vya miguu, kwamba ni kwa usalama wake, mama, gari likisimama ghafla mtoto haruki.

"Na yule wa kumpakata atamwacha aruke?"

Mtu mwenye akili angenyamaza, akampa mkewe mtoto ampakate kama jana, akaaga. Mimi nikasema, "Hakiumizi, mama, tazama, nitakaa mwenyewe." Nikakivuta kikoi vizuri, nikapanda, nikajipenyeza ndani ya kiti cha mwanangu. Nilikuwa mwembamba siku hizo (mwacheka nini?), nyonga zikaingia kwa kubanwa kidogo, magoti yakaja karibu na masikio, nikauvuta mkanda mpaka mwisho, nikakifunga kifungo. Ta! "Mnaona?" nikasema. "Raha tupu."

Wakaona. Wakatosheka. Nikakibonyeza kifungo nitoke, hakikufunguka.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa dole gumba, kwa madole mawili, kwa kisigino cha mkono, huku natabasamu ili watu wasijue, lakini jasho lilikuwa linajulisha. Shemeji yangu Bakari, kakake mke wangu, akaingia kusaidia, akavuta mkanda badala ya kuulegeza, nikaguna. Mtu akaleta mafuta ya nazi wakakipaka kifungo, na kikoi kikapakwa, na kiti nacho, na sasa kila anayenishika anateleza. Watoto walikuwa wamejaa madirishani. Kitoto kimoja kikauliza, "Mama, kwani huyu mjomba hajaanza kutembea?" Nilitamani ardhi ipasuke, na nilipo juu ya kiti cha gari hata ardhi ilikuwa mbali.

Mzee mmoja jirani akaja na kisu kile kilichochinja mbuzi jana yake. "Tuukate," akasema. Mimi nikapiga kelele, "Msikate! Mkanda huu haupatikani popote!" Basi ikaamuliwa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mkanda mkaidi, nipelekwe hivyo hivyo nilivyo kwa fundi wa magari njia panda. Bakari akashika usukani. Mke wangu akataka kupanda nyuma karibu nami na mtoto, mama mkwe akamzuia: "Riziki abaki na wewe hapa. Mimi nakwenda na mumeo, nisije nikaletewa habari nusunusu." Akaketi mbele, kando ya Bakari, akaifunga leso yake, akatazama barabara. Nyuma yake mimi, magoti juu, nimekishika kikoi kwa mikono miwili.

Bakari alikuwa akiendesha malori, na gari dogo aliliendesha vilevile. Mbele yetu kulikuwa na lori la miwa la kiwanda cha sukari cha Ramisi, limejaza kupita kiasi, na kila likiruka shimo linadondosha mua. Na mua ukidondoka, mtoto gani wa pwani atauacha? Wakatoka vichakani kundi zima, mbio, barabarani, hawatazami huku wala huku.

Bakari akakanyaga breki.

Gari lilisimama. Watoto hawakuguswa hata mmoja, alhamdulillahi. Mimi ndiye ambaye sikusimama. Ndoana ziliruka juu ya mgongo wa kiti, na kiti na mimi tukaondoka pamoja, tumeshikamana kama kobe na gamba lake, tukaingia kwa kichwa baina ya viti viwili vya mbele. Paji la uso likagonga gia, bega likamwangukia mama mkwe, miguu ikabaki juu, na kikoi, jamani, kikoi kikaenda zake.

Kwanza nikasikia watoto wakicheka. Kisha nikahisi kitu laini kikinifunika miguu. Mama mkwe alikuwa ameivua leso yake ya juu akanitandazia, akaikunja pande zote kama anayemfunika mtoto mchanga, na hakucheka.

"Umeumia, mwanangu?"

Mwanangu! Miaka yote hakuwahi kuniita hivyo. "La, mama," nikajibu, nimeangalia sakafu ya gari, nikiwa na nundu inayovimba usoni. Akateremsha mkono, akakibonyeza kile kifungo mara moja. Kikafunguka. (Labda ni kule kugongwa, labda ni mafuta, mimi sijui, ila yeye mpaka leo anasimuliwa kwamba alikisomea dua.)

Nikajikokota nje, nikajifunga ile leso ya maua kiunoni, nikasimama barabarani. Bakari alikuwa ametoka, amelala juu ya boneti kwa kicheko. Mama mkwe alishuka polepole, akafungua mlango wa nyuma, akalitazama lile pengo tupu nilipokuwa nimekaa, kisha akakitazama kiti kilichobanana kule mbele.

"Na angekuwa Riziki?" akauliza.

Kicheko cha Bakari kikakatika. Mimi kilo zangu zote nilirushwa vile, na nilikuwa na mikono ya kujikinga na fuvu lililokwisha kukomaa. Nikakaa palepale kando ya lami. Nilipoinua macho nikaliona godoro juu ya keria. Halikusogea hata inchi moja. Mikanda miwili imelikaza, na zile ncha za chuma zilizotobolewa zinaning'inia, na hapo ndipo nikamwona yule mgeni amepiga magoti ananionyesha sakafu ya gari, na nikaelewa matundu yale ni ya nini. Godoro la sufi nimelifunga lisianguke, na mwanangu nilitaka kumtundika kwa ndoana mbili kama koti. Nililia. Nilivaa leso ya mama mkwe na nililia, na sioni haya kuwaambia hilo, haya yangu iko kwenye yale mengine.

Tukaenda kwa fundi tukamtoa nyumbani kwake akitafuna nyama ya Idi. Akatoboa sakafu, akaikaza mikanda kwa bolti, akakiosha kifungo kwa petroli, ukatoka mchanga wa Diani wa kutosha kujengea jiko. Godoro tukalifunga kwa kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi, ya kuazima.

Jioni, tulipokwisha kurudi nyumbani kwake, mama mkwe alikuja garini kabla ya mtu yeyote. Akaegemeza mguu mmoja kwenye kizingiti cha mlango, akakishika kiti kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka gari lenyewe likayumba. Kiti kikatulia. Ndipo akamtia Riziki kwa mkono wake, akamfunga, akajaribu mkanda kwa vidole.

"Umelegea," akaniambia. "Kaza, mwanangu. Kama mbuzi wa Idi."

Nikakaza. Nikaendesha polepole mpaka Ukunda, na pale miwa ilipodondoka nilitembeza gari kama nabeba mayai, Riziki amelala nyuma mdomo wazi, na kila nilipogeuka kumwangalia nilisema alhamdulillahi kwamba aliyechekwa ni mimi. Tangu siku ile hapandi mtoto gari langu kabla sijakivuta kiti kwa mikono miwili, na magodoro nayafunga kwa usumba.