Gari Iliyonena kwa Ndimi

Nikisikia mpira ukivuja hewa, hata wa baiskeli tu, naruka nilipokaa. Ssss. Watoto wangu wanadhani naogopa nyoka. Nawaacha wadhani hivyo. Nyinyi nitawaambia.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa darasa la nne, ambalo ndilo la mwisho nililosoma. Baba aliendesha van kuukuu ya baba mdogo Okelo. Ilibeba omena kutoka Sori kwenda Migori, na ukikaa ndani kidogo tu hata nywele zilinuka samaki. Siku za mazishi ilibeba jeneza. Basi ikashikwa na ugonjwa: ikisimama, injini haitulii. Inanguruma juu, wuuuu, kama mtu amekanyaga mafuta, na mguu wa Baba hauko hapo. Kuizima hakuthubutu, maana kuwaka tena ilitaka watu sita wa kusukuma.

Ikatuaibisha kwenye mazishi ya mzee mmoja wa Nyatike. Pasta anaomba, gari inamshinda sauti. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Jaduong', mzee wangu, gari yako imejazwa Roho, inanena kwa ndimi!" Watu wakacheka mbele ya jeneza. Baba alitazama viatu vyake mpaka maombi yakaisha.

Kesho yake tukapita kwa fundi Omolo, Migori, mimi na Mama tukiwa ndani, maana tulikuwa njiani kwenda Homa Bay kumwona nyanya. Okelo, mwenye gari, alikuwa anatungoja hapo. Baba akasema pedali ya breki nayo imeanza kuwa ngumu.

"Breki ni kesho," Omolo akamjibu. "Leo tunyamazishe huyu mlokole."

Injini ya van ile ilikaa chini ya kiti cha mbele. Omolo alipoinua kiti, niliinama nikasikia ile ssss. Ilitoka kwenye mpira mnene kama bomba, uliokuwa na ufa upande wa chini. Nikaweka kidole gumba. Kikavutwa, kama vile ndama anavyonyonya kidole, na injini ikashuka, ikatulia kabisa. Nikatoa, ikapanda.

"Fundi, hapa inanyonya! Nikiziba inanyamaza, skia!"

"Nyako, msichana wewe, toa mkono. Unataka kuolewa na injini?"

Wote wakacheka, hata Mama. Okelo akaangalia saa. "Omolo, kaza hiyo skrubu ya kushusha mngurumo waende. Shida ni kelele." Omolo akazungusha bisibisi mara mbili tatu, kelele ikaisha. Baba alimshika mkono kwa mikono miwili akimshukuru. Alikuwa na furaha kweli.

Kwenye mteremko wa kuingia Homa Bay, ziwa likiwa limeshaonekana, Baba alisema, "Breki imekuwa jiwe." Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Mama alinisukuma chini, akanifunika kwa mwili wake. Ndiyo maana mimi naandika haya, na yeye yuko kaburini.

Hata hatujamzika, Okelo akasimama mbele ya ukoo akasema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mila: gari ilimdharau yule mzee wa Nyatike mbele ya jeneza lake, sasa amelipiza. Omolo alikuwepo. Akatingisha kichwa kukubali. Wanaume wawili walioonyeshwa ule ufa na mtoto! Baba akaamini. Alienda kwa watu wa marehemu kuomba msamaha, akaenda tena, na tena, na hakushika usukani maisha yake yote. Mimi nikaacha shule nipike.

Nilikuwa nimezaa watatu wakati fundi kijana aliyetengeneza van ya jirani alinionyesha mpira kama ule. Huu, akasema, unaisaidia breki kwa nguvu ya injini. Ukipasuka, injini inavuta hewa na kunguruma, na breki inakuwa ngumu. Ugonjwa ni mmoja. "Ukipunguza kelele tu, mama, umeficha." Hakujua anaongea na nani.

Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Siku zake za mwisho aliniuliza, "Nyathina, mwanangu, unafikiri yule mzee alinisamehe?"

Na mimi, kwa kuwa niliamini kweli kwamba alikuwa na kosa, nikamwambia, "Alikusamehe, Baba."