Kamera ya Sabuni

Salamu kwenu wasomaji. Tulieni kidogo, simu wekeni chini, maana kichwa changu kimechanganyikiwa.

Wiki hii nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, kutoka soko la Kimironko. Dereva alikimbiza vibaya, lakini karibu na shule akashika breki, tukaenda polepole kama tumebeba mayai.

"Pale iko kamera ya kupima mwendo, mzee," aliniambia.

Watoto wakavuka mbele yetu, wengine wakitupungia mkono.

Mimi nimejifunza kusoma juzijuzi tu, na mvi zangu, na sasa nasoma kila kitu. Nikaitazama hiyo kamera juu ya nguzo. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, lakini chini ya rangi herufi zilionekana. Nikasoma kwa sauti: "SA-BU-NI."

"Unasema?" dereva akageuza shingo.

"Ni katoni ya sabuni, kijana. Nimesoma mwenyewe!"

Mama fundi aliyekuwa anashona kando ya barabara akaacha cherehani, akaweka kidole mdomoni. "Mzee, nyamaza! Nimeiweka mimi. Mtoto wangu anavuka hapa."

"Kumbe mnatudanganya!" Dereva akaitimua moto yake mbio mpaka kofia ikanicheza kichwani.

"Na wale watoto je?" nikamuuliza.

"Watoto hawaandiki faini, mzee."

Sasa sijui nani amekosa. Yeye anaogopa katoni kuliko mtoto, lakini aliyemtoa woga ni mimi, kwa kusoma vizuri. Ngojeni, napeleka kopo la rangi kwa yule mama. Nikishafuta lile neno, nitarudi.