Pikipiki ya Mzee Inavuta Hewa

Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, simu ililia, na aliyepiga hakuniuliza nimeamkaje.

"Mama, imewaka?"

Huyo ni baba yangu. Ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake shambani Subukia tangu mama alipofariki, na ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mimi, nimesimama na mswaki mdomoni, namjibu kuwa bado, naye anakata simu. Yeye hapendi maneno mengi na mimi sipendi kuulizwa kitu kimoja mara mbili. Damu yetu ni moja kweli.

Kilichotakiwa kuwaka ni pikipiki yake ya zamani, ile ya injini inayochoma petroli na oili kwa pamoja, yenye moshi wa buluu na sauti ya bisi zikipasuka ndani ya sufuria. Aliituma kwangu Nakuru juu ya pikapu ya kabichi bila kuniuliza kama nina pa kuiweka. Maisha yake yote ya kazi aliipanda akizunguka mashamba ya watu, akiwapandikiza ng'ombe mbegu za madume ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Shuleni watoto walimwita Dume la Pikipiki, na kwa ajili ya jina hilo nilipigana mara nyingi kuliko nilivyofanya hesabu. Mama alipofariki, kaka yangu, kifungua mimba wetu, aliifungia stoo pamoja na magunia ya mahindi. Alisema ni kwa muda tu. Ikakaa miaka minane.

Sasa mzee alikuwa ameamua kuipanda tena. Magoti yake ni mabovu, njia ya kwetu ni mteremko wa mawe, na ukifika chini kuna barabara yenye malori. Kaka anaishi Nairobi. Alinipigia siku ile ile pikapu ilipofika.

"Sista, sikiza. Ukifufua hiyo kitu umeua mzee. Unaelewa?"

"Si umwambie yeye."

"Nimwambie nini? Mimi ndiye nimwambie amezeeka?"

Hapo ndipo palipo na shida ya nyumba yetu. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba nguvu zimekwisha. Hutafutwa mzee wa rika lake aje aseme kwa kuzungukazunguka, kikombe cha chai mkononi, lakini wale ambao Baba angewasikiza tulishawazika wote. Ikabaki nani atamfunga paka kengele, na kila mmoja wetu alikuwa na safari.

Nilimwambia kaka nitaangalia tu imeharibika wapi. Mimi hushona sare za shule, na shule zikifungwa, mikono hukosa kazi, nami nikikosa kazi hugombana hata na majirani wema. Isitoshe, nilikuwa mtoto wa kushika tochi. Utotoni, Baba alipofungua hiyo injini, mimi ndiye niliyemmulikia, na tochi ikitikisika alinigombeza. Kwa hiyo naijua ndani kuliko ninavyojua jikoni kwangu.

Nilianza na tangi. Petroli iliyobaki ndani ilikuwa imegeuka utomvu unaonuka vanishi. Nikatia kokoto, nikalitikisa mpaka mabega yakauma na jirani mmoja akauliza kama nimejiunga na kwaya ya kupiga kayamba. Kabureta ilikuwa imeziba kabisa. Vile vitundu vyake nilivizibua kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Nikachanganya petroli mpya na oili kwenye chupa ya soda, nikapiga kiki hadi paja likatetemeka, ikawaka. Nguo zote zilizoanikwa kwenye ploti zikapotea ndani ya moshi.

"Hii ni nyumba ama ni kiwanda?" mtu akapiga kelele kutoka ghorofani.

Iliwaka, lakini haikuwa na nguvu. Ukiiongezea mafuta inakohoa, inazama, inazima. Uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha, basi nikaisukuma hadi kwa fundi wa boda pale kona. Akafungua kichwa cha silinda, akachungulia, akainua uso kwa huruma.

"Madam, mlikuwa mmeiacha na nani? Hii engine wameiba vitu. Haina valve hata moja!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba injini za aina hiyo hazikuzaliwa na valvu. Ni matundu tu ubavuni mwa silinda, na pistoni ikipanda na kushuka ndiyo mlango. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa shamba la ziwani. Nikairudisha nyumbani nikiwa bado nacheka, halafu kicheko kikaisha njiani, maana ugonjwa ulikuwa bado.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama nikafungua ekzosi. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo mle ndani, na nyuma ya nyigu kulikuwa na masizi magumu ya miaka yote ile ya ng'ombe wa watu. Nikaichoma juu ya moto wa kuni, nikaigongagonga, ikatapika makaa. Safari hii ilivuta vizuri. Nilizunguka nayo mtaa wetu nikashangiliwa na watu nisiowajua.

Furaha hiyo haikufika jioni. Nilipoiacha isimame injini ikiwa bado inawaka, haikutulia. Ilipanda sauti yenyewe bila mkono wa mtu, ikilia kama inayofukuzwa, na silinda ikawaka joto la kutisha. Nami siku hizo nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama natafuta spana, nikipata spana nasahau nilitaka kufungua nini. Kila asubuhi "Mama, imewaka?" na kila jioni kaka, "Umefikia wapi?" Mmoja alitaka nikimbie, mwingine alitaka nichelewe.

"Inawaka," nilimwambia Baba, "lakini ikiachwa inapanda yenyewe."

"Inavuta hewa," akasema, akakata.

Nilijua hilo, na nilikasirika kuambiwa. Niliziba njia zote za injini kwa vipande vya tyubu, nikaisukumia upepo kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi, nikaipaka povu la sabuni kila pahali, vile watu hutafuta panchari. Povu likachemka nyuma ya sumaku, ile inayotoa umeme wa plagi. Pale kuna sili, pete ya mpira inayozuia hewa isiingie kwenye injini, na miaka minane ya kukaa tu ilikuwa imeikausha ikapasuka.

Siku hiyo hiyo kaka alifika, amevaa viatu vya ofisi, akasimama mbali na mafuta. Nilimwonyesha povu. Aliliangalia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Si inawaka? Basi mrudishie hivyo. Itamsumbua wiki moja, aichoke mwenyewe. Hakuna mtu atakuwa amemkataza."

Nakiri maneno hayo yaliniingia vizuri. Yalikuwa na ujanja mtamu. Tungeacha chuma kimwambie Baba kile sisi tulichoogopa kumwambia, kisha tungekuja na mikate kumpa pole. Lakini nilikuwa nimeiona ile pete na nilijua inachofanya.

"Ikivuta hewa inachoma bila oili ya kutosha," nikamwambia. "Pistoni inakwama. Ikikwama kwa mteremko, gurudumu la nyuma linafunga na mzee anarushwa. Hiyo mbovu ndiyo itamuua, si hii nzima."

"Basi usiitengeneze kabisa."

"Twende Subukia saa hii, umwambie hivyo."

Alikumbuka ana mkutano. Nikamuaga kwa ukali ambao nilijutia alipogeuza gari, nikaenda mjini kutafuta sili. Niliipata kwenye duka la spea za pampu za maji, saizi ile ile, nikaifunga.

Jumamosi niliipeleka mwenyewe, kupitia mji wa Bahati, na baridi ya asubuhi ikinipenya hadi meno. Injini ililia sawasawa. Niliogopa kila lori, na kila nilipolipita niliona raha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuiona hadharani. Nilipoanza kuteremka bondeni nilielewa kwa nini mzee haridhiki kubebwa na boda ambayo kaka humlipia kila mwezi. Nilitamani nisingeelewa.

Alikuwa langoni, amevaa koti lake la kazi. Hakusema asante. Aliweka kiganja juu ya tangi, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu akaizima ili aiwashe mwenyewe.

Akapanda, akapiga kiki. Mguu ulishuka polepole na injini haikushtuka hata. Akapiga tena. Akapumzika, akajifanya anaangalia kabureta, akapiga tena, na buti likateleza, kile chuma kikamgonga ugokoni. Sikuwahi kumwona baba yangu akiumia bila kutukana. Siku hiyo aliangalia migomba tu.

"Mama," akasema, "ipige."

Ningeweza kukunja mikono. Mambo yangeishia pale pale, bila mtu kumwambia mwenzake neno, na kaka angenipikia pilau. Nikaipiga kiki. Iliwaka mara moja, naye akaondoka bila kugeuka.

Nilisimama langoni nikimfuata kwa masikio. Gia ya kwanza, ya pili, breki penye mawe, tena ya pili. Kisha kimya. Nilingoja sauti irudi na haikurudi. Nilianza kuteremka, nikitembea, halafu nikikimbia, na nikiwa bado naenda mikono ikamwandikia kaka: "Mzee hawezi kupiga kiki. Shida yetu imeisha." Nilikuwa na hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na nafuu, na ile nafuu ilinichukiza.

Nilimkuta njia panda, penye kibanda cha kukusanyia maziwa. Pikipiki ilikuwa imesimama vizuri kwenye stendi, na yeye ameketi ukingoni, mikono magotini, mzima kabisa.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Imezima. Nangoja mtu apite."

"Wa nini?"

"Anipigie kiki."

"Si mimi nimekuja?"

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Wewe si mtu, Mama. Mtu akinipigia kiki anaenda zake. Wewe utamwambia kaka yako."

Simu ilikuwa mkononi, ujumbe umeshaandikwa, haujatumwa tu. Niliufuta herufi kwa herufi, yeye akiangalia, ijapokuwa hana miwani ya kusomea. Kisha nikashika usukani, nikapiga kiki. Akapanda. Nilidhani atageuza arudi nyumbani. Alikunja upande wa barabara kuu.

Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule. Nilifua, nikafagia ua uliokuwa safi, nikapika chai mara mbili nikaimwaga. Saa kumi ndipo niliposikia bisi zikipasuka kule chini. Aliingia nayo hadi mlangoni, akaiweka kwenye stendi, akaja kuketi kibarazani. Hakuizima. Alikunywa chai yake huku inanguruma kando yetu na moshi ukiingia sebuleni, nami sikumuuliza kwa nini.

Simu ikalia. Ilikuwa ni kaka.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Pikipiki."

"Nani anaiendesha?"

"Yuko hapa," nikasema, nikampa Baba simu.

Baba aliweka kikombe chini, akaibana simu sikioni, akangoja. Sote watatu tukasikiliza injini. Kisha nikaisikia sauti ya kaka, nyembamba, ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Baba, habari ya huko? Mvua imenyesha?"

"Kidogo," Baba akamjibu.