Kiti Chini ya Dirisha

Mke wangu alipopooza upande wa kushoto tulikuwa tukikaa Mbaraki, vyumba viwili vya chini na ua wa simiti. Mamake alikuwa Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ile ile aliyomzalia. Mama huyo naye alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakushuka tena ngazi zile. Kisiwa ni kimoja, na kwa gari ni mwendo mfupi. Lakini mmoja hakuweza kushuka na mwengine hakuweza kwenda, nami nikawa mtu wa kupeleka salamu baina yao.

"Mwambie nala vizuri."

"Mwambie nalala usiku kucha."

Mama hakuwa akilala usiku kucha, na mke wangu alikuwa akila vijiko viwili vya uji na kugeuza uso. Nilipeleka maneno yao kama nilivyopewa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifanya kazi gatini, kufunga mizigo kwenye winchi. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, na kama kuna neno hapa nimelikosea, naomba msomaji anisamehe. Nataka tu kulieleza jambo hili kama lilivyokuwa, maana waliolijua vizuri wamebaki wachache.

Mke wangu hakuwa mtu wa kuomba. Siku moja nilipokuwa nikimkanda mkono alisema, "Nataka kumwona mamangu kabla mmoja wetu hajaondoka." Hakulirudia. Lakini tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka Mji wa Kale, hakuniuliza tena mama amesema nini. Aliniuliza, "Yuwaonekanaje?"

Gari tulikuwa nalo, dogo la Kijapani, kuukuu, lililokula kutu chini. Nililitengeneza mwenyewe uani kila Jumapili: kumwaga oili, kusugua plagi kwa msasa, kukaza breki. Halikuwa gari la kujivunia, ila liliwaka. Shida haikuwa gari.

Tulipomtoa hospitali, mimi na shemeji, kakake mke wangu, tulimbeba mikononi. Kulikuwa kumenyesha. Shemeji aliteleza kwenye kidaraja cha mlango wetu, tukaanguka sote watatu, na mke wangu chini yetu. Hakuvunjika. Lakini baada ya hapo hakukubali tena kunyanyuliwa mikononi mwa watu. "Si kwamba nawalaumu," alisema. "Mwili wangu ndio unaokataa." Na akikaa garini, upande ule uliokufa ulimmiminikia mlangoni, akalia kila kona. Nikasema tumlaze kiti cha nyuma. Akaniangalia.

"Anayelazwa ni maiti. Mimi bado naketi."

Basi nikaanza kutafuta namna ya kumketisha.

Nilipata kiti kwenye vyuma chakavu, cha gari la abiria lililopinduka, chenye mgongo mrefu unaofika kichwani. Nikang'oa kiti cha mbele cha gari letu. Chini yake bati lilikuwa limeoza, bolti ingetoboa tu na kutoka. Nikakata kipande cha chuma kinene, nikakipitisha chini ya gari, ili bolti zishike chuma na si bati. Halafu fundi wa kuchomea akaniwekea reli mbili za kukingama, kutoka upande wa dereva hadi mlangoni, ili kiti kichomoke kwa ubavu kama mtoto wa meza, pamoja na aliyekikalia. Reli ilikuwa na pini ya kufungia, niliyoifungia kamba nyekundu nisiisahau.

Nilitaka kupitisha mabomba mawili chini ya kiti, tukibebe begani. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka mlangoni, akinitazama.

"Nini hayo?"

"Ya kukubebea."

"Miti miwili na watu mbele na nyuma? Jeneza hilo. Nifanyie kitu kingine."

Nikafanya mishikio ya kamba pembeni, minne.

Mikanda ndiyo iliyonishinda zaidi. Siku hizo mikanda ya gari watu waliikalia tu, wengine waliikata wakafungia mbuzi. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga mizigo, nikadhani najua. Nilichukua utepe mpana wa nailoni, nikashona miwili ya mabegani na mmoja wa tumboni, na kifungo cha chuma katikati. Nikafunga gunia la mchanga, nikaendesha uani hatua chache, nikapiga breki. Gunia likabaki. Nikafurahi, nikamfunga yeye. Nilipopiga breki, taratibu kabisa, aliteleza chini ya mkanda mpaka ukamfika shingoni. Buibui ni kitambaa cha kuteleza, na mtu si gunia.

Nilimfungua haraka. Yeye ndiye aliyenituliza. "Ushushe huu wa tumboni," alisema, "ukae kwenye mifupa ya nyonga. Hapa wanikaba."

Nikaushusha. Bado aliteleza, ila kidogo. Nikamwambia kuna mkanda mmoja zaidi ungemaliza shida yote, unaopita katikati ya miguu. Sikumaliza maneno.

"Mbele ya mtaa mzima? Afadhali nibaki hapa hapa."

Hata hii ya kifuani hakuipenda. Alisema itamchora mwili mbele ya wanaume vichochoroni. Nilikwenda kuosha mikono, na kwa siku kadhaa gari likakaa na turubai juu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa bado nawaza mikanda.

Jawabu la kifua alilipata mwenyewe. Aliniita nimletee buibui lake kuukuu na mkasi. Nilishika kitambaa, yeye akakata kwa mkono wa kulia: tundu mbili nyuma ya mabega na mbili kiunoni. Mikanda ipite ndani, juu ya gauni, na buibui liifunike. Kwa nje usione kitu ila mwanamke aliyekaa. Jawabu la kuteleza nililipata mimi: nilichonga kabari ya mbao nikainua ukingo wa mbele wa kiti, magoti yakapanda juu kidogo. Nikapiga breki, hakuteleza. Nikapiga tena.

"Basi," alisema. "Sasa wacheza."

Lilibaki jambo la ngazi. Nilipima kiti kwa uzi, nikaenda kwa mama nikapima ngazi. Ngazi zile ni za mbao, nyembamba, na zina kona katikati ambapo hata gudulia la maji hupitishwa kwa kuinamishwa. Kiti hakingepita. Nilirudi nyumbani nikakaa garini kwa muda kabla ya kuingia. Nilipomwambia, aliniuliza:

"Si ana dirisha?"

"Analo."

"Basi nitakaa chini ya dirisha."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Niliendesha kama niliyebeba mayai. Wale walio nyuma yangu walipiga honi, naye akasema, "Waache. Wana miguu, na wateremke wasukume." Tulifika pale gari linapoishia, shemeji akitungojea. Nikachomoa pini, tukavuta, na kiti kikatoka na yeye juu yake, amenyooka, buibui limemfunika. Tukashika kamba. Kichochoroni tukakutana na hamali wa soko la Marikiti na mkokoteni wake wa viazi. Alirudi nyuma hadi akatupisha, halafu akasema, "Wazee wangu, gari lenu limesahau magurudumu."

Mke wangu alicheka. Nilikuwa mbele, sikumwona akicheka, lakini kamba ilitikisika mkononi mwangu.

Tukaweka kiti chini ya dirisha. Shemeji akapanda juu kumsogezea mama kitanda dirishani, akashuka. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukifikiria katika kupima kwangu kote: mke wangu hakuweza kuinua shingo. Alikaa akitazama ukuta wa mbele, na mama yuko juu ya kichwa chake.

"Mwanangu?" sauti ilishuka.

"Mama."

Shemeji akanitazama. Tukashika mgongo wa kiti, tukakilaza nyuma pole pole, ukingo wake wa mbele ukaacha ardhi, na uzito wake wote ukaja kwenye mikanda na mikono yetu. Nilikuwa nimemfunga asianguke mbele. Sasa mikanda ilimzuia asiteleze kichwa chini, na ilishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe huyo? Mbona umefungwa kama mbuzi wa Idi?" Tundu za buibui zilikuwa zimefunuka.

"Ni mkweo huyu. Aogopa nitatoroka."

"Na utoroke uende wapi, na miguu hiyo." Madirisha mengine yalikuwa yamefunguka, wanawake wakacheka. Mama akauliza, "Waniona?"

"Nakuona."

"Nimezeeka?"

"U vile vile, mama."

"Mwongo mkubwa."

Walizungumza mambo ya kawaida: nani ameolewa, nani amehama, paa linavuja wapi. Mikono iliniuma, shemeji akawa anahema, lakini hapana aliyesema tumshushe. Mama alikuwa na kikapu chake cha kamba, kile cha kununulia vitu kwa wachuuzi bila kushuka. Akakiteremsha. Mlikuwa na mahamri ndani ya leso, na asumini. Mke wangu alitia mkono wa kulia ndani, akatoa vilivyomo akaviweka mapajani, na mkono akaurudisha kwenye ukingo wa kikapu. Hakukiachilia. Juu mama hakuvuta. Kamba ilikazika baina yao ikakaa hivyo, na maneno yakaisha.

Njiani kurudi alikuwa na asumini puani. "Nimemwona," alisema. Nilimwuliza yuwaonekanaje, kama alivyokuwa akiniuliza yeye. Alisema, "Nimemwona, alhamdulillahi," akafumba macho.

Tulikwenda tena, na tena, kila gari lilipokubali. Nilikuwa nikikagua bolti kila tunaporudi, na utepe, kama kuna uzi uliokatika. Mtaa ulizoea. Hamali akitukuta aliuliza magurudumu yanakuja lini.

Kiharusi cha pili kilimjia alfajiri, nyumbani, na hakikumpa muda. Aliyekuwa mzee na kitandani alibaki, akaondoka huyu. Wanaume walimbeba begani, amelazwa, kama tunavyobebwa sote. Gari lilibaki uani na kiti chake ndani. Mama hakuuona uso wa bintiye kwa mara ya mwisho. Walimwambia, akasema innalillahi, akaomba afungiwe dirisha.

Nguo za mke wangu wanawake waligawa sadaka. Lile buibui la tundu nne halikuwa na wa kumfaa. Walilikunja wakaniachia kitandani, na ninalo mpaka leo.

Sikuligusa gari kwa muda mrefu. Betri ilikufa, paka akazalia chini ya kiti. Halafu shemeji akaja na ujumbe kutoka kwa mama. "Asema umletee kile kiti."

"Cha nini?"

"Sijui. Asema ukilete."

Niliazima betri. Tulibeba kiti kitupu kichochoroni, na yule hamali tuliyekutana naye aliinamisha kichwa, hakusema la mzaha. Dirisha lilikuwa limefunguliwa. Tukaweka kiti pale pale.

"Kaa," mama alisema kutoka juu.

Nilikaa. Shemeji akaniambia, "Jifunge, peke yangu siwezi kukushika vizuri." Nikajifunga. Mikanda ilikuwa kwa kipimo cha mke wangu, ikanibana kifua, nikailegeza kidogo tu. Shemeji akanilaza nyuma.

Mbingu kati ya nyumba zile ni kama utepe, na mchana huwa nyeupe kabisa. Iliniingia machoni. Nilipangusa machozi nikaangalia tena. Niliona ubao wa chini wa dirisha, wenye kutu ya misumari, na juu yake kitu cheusi, duara, chenye mwanga nyuma yake. Nilingoja macho yazoee. Hayakuzoea. Hapakuwa na pua wala mdomo wala macho. Ilikuwa ni sauti ya mama inayotoka kwenye kivuli.

Siku zote zile mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimeinamia kazi ya kushika. Sikuwahi kutazama kutoka pale alipokuwa akitazama mke wangu. Labda macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Labda palikuwa na saa ambayo jua lilikaa upande mwengine. Nimejiuliza sana, na sijui. Najua tu kwamba aliniambia amemwona, na kwamba nilipomwuliza yuwaonekanaje alifumba macho.

"Hapo ndipo alipokuwa akikaa," mama alisema.

"Ndipo, mama."

"Mimi nilimwona vizuri. Mpaka kidonda alichokuwa nacho mdomoni nilikiona." Akaongeza, "Na wewe waniona?"

Shemeji alikuwa akihema nyuma yangu.

"Nakuona, mama."

"Nimezeeka?"

"U vile vile."

Nikangoja aniite mwongo. Hakuniita. Nikasikia kamba ikikwaruza ubao, na kikapu kikateremka kutoka kwenye ule mwanga, kitupu. Nilikishika ukingo. Baadaye shemeji akasema mikono imemwisha, nikakiachilia, akanirudisha chini.