Umri wa Mdomo na Umri wa Kadi

Bwana Ma Deok-bae alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: kinu cha kukamua mafuta ya ufuta, na umri. Kinu alikirithi kwa baba yake. Umri aliutumia kama wengine wanavyotumia cheo.

Duka langu la dobi linatazamana na kinu chake, kwenye uchochoro wetu ulio nyuma ya ukuta wa Kasri, hapa Seoul. Kwa hiyo nimemsikia kila siku, nitake nisitake. Mtu akiingia kununua chupa ya mafuta, kabla hajaambiwa bei, anaulizwa amezaliwa mwaka gani. Akiwa mdogo kwa Ma, anapewa chupa na mawaidha. Akiwa mkubwa, anapewa chupa haraka haraka aende zake.

Siku Bang Gil-yong alipohamia mtaani kufungua duka la kukodisha hanbok, yale mavazi yetu ya kale, maboksi yake yalikuwa bado yako barabarani Ma alipomfuata.

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa Ng'ombe," akasema Gil-yong, jasho likimtoka, maana kwetu miaka hupokezana majina ya wanyama, na Panya ndiye wa kwanza.

"Mimi wa Panya!" Ma akapiga makofi. "Nimekutangulia. Niite kaka."

Na Gil-yong, mtu wa adabu, akamwita kaka. Tangu hapo, kila walipokunywa pamoja, Gil-yong alimimina kwa mikono miwili na kugeuza uso ukutani ndipo anywe, kama mdogo anavyopaswa kufanya mbele ya mkubwa wake. Ma alikunywa akitazama mbele, kifua nje. Mwaka mmoja tu ulikuwa kati yao, lakini Ma aliutanua ukawa kama mto.

Kulikuwa na jambo dogo. Baba yake Ma alizika watoto wawili wachanga kabla yake, kwa hiyo huyu wa tatu alipozaliwa, mzee hakukimbilia kumwandikisha. Alisubiri aone kama atakaa. Alikaa, tena kwa kelele, na mzee akaenda kumwandikisha wakati tayari anatembea, na mwaka huo ndio ulioandikwa. Wa rika lake wako wengi wa namna hiyo. Ma alijua kadi yake ya utambulisho inasema nini, lakini alijua kama anavyojua kuwa ana kitambi: kipo, hakizungumzwi.

Kisha serikali ikatangaza kwamba sasa kila mtu ahesabu umri kuanzia sifuri, si kuanzia moja kama tulivyozoea kwetu, ambako mtoto huzaliwa na mwaka wake tayari na sote huongeza mwingine tunapokunywa supu ya Mwaka Mpya. Wanawake wa mtaa tulifurahi, tumepunguziwa bure. Ma alikasirika kama aliyeibiwa.

"Supu nimeshakunywa!" alipiga kelele mlangoni kwangu. "Wataitoaje tumboni?"

Sasa nije kwa mkewe, maana habari hii ni yake zaidi. Pyo Ok-bun, mama wa mtoto wao Han-sol, alikuwa mwanamke mkimya, mikono inanukia ufuta, na kwa miaka yote ya ndoa yake alipita kando ya ukuta wa Kasri akipeleka mafuta na keki za mchele kwa wateja. Alijua kila jiwe la ukuta ule upande wa nje. Ndani alikuwa hajaingia. Msimu wa majani kubadilika rangi, Kasri hufunguliwa usiku, taa zikawashwa juu ya bwawa, na muziki hupita juu ya ukuta hadi kwenye ua wake anakoanika nguo.

"Mama Se-ra," aliniambia siku moja, "nataka niuone ukuta huu kutoka upande wa pili. Mimi na Baba Han-sol. Mara moja tu kabla sijafa."

Tatizo ni kwamba tiketi za usiku huuzwa mtandaoni, mapema, na huisha kabla chai haijapoa. Nchi nzima inabonyeza kwa pamoja. Ok-bun hakulalamika. Alisikia kwamba mtandao wenye mbio kuliko wote uko kwenye maduka ya michezo ya kompyuta, basi asubuhi ya mauzo akavaa koti zuri, akanishika mkono, tukaenda.

Mle ndani giza, harufu ya tambi, vijana wamevaa vitu vikubwa masikioni wanauana kwenye skrini. Ok-bun akakaa katikati yao, akavaa miwani, akafungua saa kwenye skrini na ukurasa wa tiketi pembeni yake.

"Usiniongeleshe," akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Unapumua kwa sauti."

Saa nne kamili akabonyeza. Foleni ikatokea, watu mbele yake wengi kuliko uwanja wa mpira. Akakaa bila kupepesa macho. Foleni ikasogea, ikakwama, ikasogea. Kisha akapiga yowe, na kijana wa pembeni akashtuka, akafa kwenye mchezo wake.

"Mbili!" Ok-bun alikuwa analia. "Nimepata mbili!"

Yule kijana aliyekufa akampigia makofi. Nami nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Tulirudi mtaani kama tuliotoka kuposa. Ma alikuwa mlangoni pa kinu na Gil-yong. Ok-bun akamwonyesha simu, zile tiketi mbili ndani yake.

"Tiketi?" Ma akaitazama kama mtu anayeonyeshwa kiatu cha mtu mwingine. "Tiketi ya kuingia nyumba ya jirani yangu? Mama Han-sol, mimi nina miaka sitini na tano! Waliofika sitini na tano wanaonyesha kadi, wanaingia. Hawapangi foleni, hawabonyezi bonyezi."

"Nimeshazipata, Baba Han-sol. Zipo."

"Futa yangu."

"Nifute?"

"Futa! Nisije nikaonekana na watoto wa shule, nimeinua simu kama naomba mvua."

Ok-bun akamtazama. Ningekuwa mimi, simu ile ingemtua usoni. Yeye akasema tu, "Haya," akabonyeza bonyeza, akaitia mfukoni.

Gil-yong, mwenye moyo mwema, akajaribu. "Kaka, au vaa hanbok ya kwangu. Aliyevaa hanbok anaingia bure, na hana haja ya tiketi."

"Nivae nguo za maigizo?" Ma akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Hizo ni za watalii na wapumbavu, Gil-yong. Mimi ni mtu mzima."

Gil-yong akarudi dukani kwake. Huko kwenu mnasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ma hakuwa amepata kulisikia hilo.

Jioni yenyewe ikafika. Mimi nilikuwa nimevaa hanbok ya kijani kutoka kwa Gil-yong, maana sina aibu ya aina hiyo, na Ok-bun alitaka niwe mpiga picha wao. Yeye alivaa koti lile lile la siku ya mauzo. Ma alivaa suti ya harusi ya mwanawe Han-sol, vifungo vikilia. Langoni, akapita kando ya foleni nzima, akiwaambia watu, "Nipisheni, mzee anapita," akampa kadi msichana wa langoni kwa mkono mmoja.

Msichana akaipokea kwa miwili. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Samahani, baba. Bado hujafika."

"Sijafika wapi? Si nimesimama hapa?"

"Sitini na tano. Kwa kadi hii una sitini na miwili." Na kwa upole wote, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea viziwi, akautaja mwaka wa kuzaliwa.

"Kadi imekosea!" Ma akaanza kumweleza habari za baba yake, watoto waliozikwa, baridi ya mwaka ule. Watu wakaanza kugeuka. "Supu ya Mwaka Mpya nimekunywa kama mtu wa sitini na tano, binti yangu! Au unataka niitapike hapa uihesabu?"

"Hapana, baba. Tafadhali usitapike."

Duka la Gil-yong liko ng'ambo tu ya barabara, na sauti ya Ma haihitaji mtandao. Gil-yong akatoka na vibanio vya nguo mdomoni, akavitema.

"Dada, samahani. Umetaja mwaka gani?"

Msichana, maskini, akarudia.

Gil-yong akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena, polepole, kama anayelamba asali. "Basi kwa kadi, huyu ananifuata mimi."

"Gil-yong, nyamaza."

"Miaka yote hii shingo yangu inageukia ukutani, daktari ananiuliza nalala vipi!"

Foleni ilikuwa inacheka waziwazi sasa. Ma akamtazama msichana, akatazama angani, akamtazama Gil-yong, akanitazama mimi. Ok-bun alikuwa amesimama ubavuni pake, simu mkononi, anangoja. Alingoja kitambo kizuri. Kisha akasema:

"Haya. Mimi naingia."

Na akaingia. Ma alibaki mdomo wazi. Katika ndoa ile, nadhani, hakuwahi kuuona mgongo wa mkewe ukienda mbele yake.

Hapo nilimhurumia, na sikupenda kumhurumia. Suti imembana, uso mwekundu, na upande wa pili wa ukuta muziki umeanza. Alisimama kidogo, akavuka barabara kwa mwendo wa anayepelekwa kung'olewa jino. Nikamfuata. Ningekosaje?

"Una hanbok?" akamuuliza Gil-yong, akiongea na kizingiti cha mlango.

"Usiku kama huu? Zimekwisha." Gil-yong akafungua kabati, akavuta kitu. "Imebaki hii."

Lilikuwa joho la kijani kilichopauka na kofia nyeusi. Joho la towashi, wale watumishi wa mfalme waliokatwa ili malkia alale kwa amani.

"Hilo siwezi," akasema Ma.

"Basi ukuta unaujua, uutazame." Gil-yong akaanza kulikunja.

"Ngoja! Lete."

"Bei yake ni neno moja."

Ma alijua ni neno gani. Sote tulijua. Alifumba macho, akasema kitu kama nzi aliyenasa kwenye chupa.

"Sikusikia. Barabara ina kelele."

"Kaka!" Ma akapiga ukelele. "Kaka, kaka! Umeshiba?"

Gil-yong akakaa kwenye kiti. Nilidhani atacheka, lakini machozi yalimlengalenga. Akatoa kichupa cha soju, pombe yetu kali, chini ya meza, akammiminia Ma kwa mkono mmoja, mmoja tu, na Ma akageuza uso ukutani akanywa. Ni ukuta wenye kalenda. Aliisoma kwa muda mrefu.

Langoni yule msichana akampisha akiuma midomo. Ndani, hatukupiga hatua mbili kabla watalii hawajamzunguka. Walitaka picha na towashi mwenye kitambi. Alipigwa picha na familia nzima, na bibi mmoja akamshika shavu.

Tulimkuta Ok-bun kando ya bwawa, amekaa juu ya jiwe, taa zote ziko majini mbele yake. Alipomwona mumewe alishika mbavu. Alicheka mpaka koti likamteleza begani. Kisha akajifuta macho, akatoa simu, akamnyooshea.

Tiketi mbili. Moja imetumika. Nyingine bado nzima, jina la Ma juu yake.

"Hukufuta?" Sauti ya Ma ilikuwa ndogo.

"Sikufuta."

"Uliniacha pale nikidhalilika, na tiketi yangu unayo?"

"Nilikungoja uniombe, Baba Han-sol. Umebishana na msichana, umempigia kelele, umemtazama mpaka Mama Se-ra, na ukivaa hivyo ina maana umemwita hata Gil-yong kaka. Mimi nilikuwa ubavuni pako na simu mkononi. Hukugeuka."

Ma alivua ile kofia nyeusi, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Muziki ulikuwa unapigwa ng'ambo ya bwawa, ule ule ambao Ok-bun alikuwa akiusikiliza uani kwake.

"Mama Han-sol," akasema mwishowe. "Naomba nikae hapo."

Mimi jirani yake, mlango kwa mlango, nilikuwa sijapata kulisikia neno naomba likitoka kinywani mwake. Ok-bun hakusogea.

"Kwanza, una miaka mingapi?"

Ma akameza mate. "Sitini na miwili."

"Kwa kadi yangu mimi nina sitini na mitatu." Akasogea pembeni, akapigapiga jiwe kwa kiganja. "Kaa, mdogo wangu."