Mayai Matano ya Shangazi

Hadi leo siwezi kuvunja yai bila kubana pumzi. Wanaoniona hudhani ninajidai. Sijidai. Nanusa kitu ambacho wao hawakinusi.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa karani mdogo wa kupima mizigo Changamwe, nikiishi kwa shangazi yangu, dada wa baba. Mwanawe wa pekee alikuwa chuoni Uganda. Mimi shule ilinishinda mapema, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vyake vya zamani na kamusi isiyo na jalada. Nikikosea neno moja katika daftari langu, nilirarua ukurasa mzima na kuanza upya.

Siku moja binamu aliniandikia. Wanafunzi walikuwa wamepewa kazi ya utafiti: kuchunguza jinsi kifaranga anavyoumbika ndani ya yai. Yeye alitaka kuku wa pwani. Aliandika: "Wewe una mkono wa kuchora. Mwalimu akipendezwa na michoro, nitamtajia jina lako. Maabara inatafuta mchoraji."

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia kuku wa mtaa wetu. Shangazi alibaki na mmoja tu, kishingo mwekundu asiye na manyoya shingoni, naye alikuwa ametaga mayai kumi na matano na kuanza kuatamia. Nilimsomea shangazi barua. Akachukua kipande cha makaa, akachora msalaba juu ya mayai matano.

"Kumi ni yenu nyie wasomi," alisema. "Haya ni yangu. Nikipata mitetea miwili tu, banda langu limesimama tena."

"Yako sitayagusa, shangazi. Wallahi."

"Wewe wa kanisani tangu lini unaapa wallahi? Usiape. Hesabu tu."

Niseme sasa, kwa maana nikichelewa nitatafuta udhuru: barua iliomba siku tano za mwanzo, yai moja kila siku. Mimi nilimsomea shangazi kumi. Nilitaka safu kamili, tangu yai tupu hadi kifaranga, ili huyo mwalimu asipate pa kunikosoa.

Kila alasiri nilipotoka kazini niliweka yai ndani ya bakuli la maji vuguvugu ya chumvi, nikakata ganda kwa mkasi wa kucha. Siku ya tatu niliona nukta nyekundu ikidunda katikati ya mishipa iliyotanda kama buibui wa damu. Vitabu viliita jambo hilo la ajabu. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo, kisha nikarudi kuchora. Siku ya nane lilikuwapo jicho jeusi, kubwa mno kwa kichwa kile, lisilo na kope, linanitazama. Harufu ilikuwa ya kinywa kilichong'olewa jino. Niliosha mikono kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, na wali bado ulinuka vidole vyangu.

Baada ya siku tano za mwanzo nilikuwa nafungua yai kila siku ya tatu. Siku ya kumi na moja mawili yalikuwa viza. La kwanza lilipasuka mkononi; uji wa kijani ukanirukia midomoni. Nilipata zima kwenye la tatu. Siku ya kumi na nne likawa limebaki moja tu langu, na mkasi ukamrarua kifaranga bawa.

Ningeweza kuandika chini ya mchoro: bawa limeraruka. Mtu mwingine angeandika hivyo. Mimi nililowesha kidole kwa mate, nikafuta msalaba wa makaa kwenye yai moja la shangazi.

La pili nililifuta siku ya kumi na saba, bila hata kusitasita. Siku ya ishirini nilichukua la tatu, na lilipokuwa kiganjani likalia. Sauti nyembamba, ndani ya ganda. Nililiweka sikioni kuhakikisha. Likalia tena. Nikalikata.

Alikuwa mzima, amelowa, kiini kikiwa bado hakijaingia chote tumboni. Alipumua muda wote nilipochora mdomo. Nilimgeuza kwa ncha ya mkasi apate mwanga. Alipoacha kupumua nilifurahi, kwa sababu sasa hatikisiki. Huo ndio mchoro wangu bora katika maisha yangu.

Ya shangazi yalibaki mawili. Moja likaanguliwa, jingine likawa viza. Hilo viza nililivunja kiotani, nikampaka kishingo mdomoni, nikaita.

"Shangazi, kuku anakula mayai! Nimemwona akidonoa."

Alichungulia, akaziba pua kwa leso. "Kuku aliyeonja yai haachi," akasema polepole. "Basi huyu ni wa sufuria. Mwanangu anafika Jumamosi."

Nilikuwa na siku tatu za kusema. Sikusema. Ijumaa nilimsaidia kunoa kisu.

Binamu alifika, tukaketi kula. Kifaranga alilia chini ya tenga pembeni mwa mlango, peke yake. Shangazi aliweka firigisi katika sahani yangu, si ya mwanawe. "Ya huyu. Ndiye aliyehangaika."

Binamu alifunua michoro, mkono mmoja ukiwa kwenye mchuzi. Alifika ukurasa wa sita, akasimama.

"Bwana we, mbona nyingi hivi? Niliomba siku tano."

Shangazi aliinua macho. "Tano? Barua ilisema kumi."

"Tano, mama. Niliandika mimi." Akafunua hadi wa mwisho. "Huyu alikuwa anakaribia kutoka kabisa. Mmepata wapi mayai yote haya?"

Nilitaka kumsingizia kuku tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mle mdomoni mlikuwa na mchuzi wake.

"Ni yako, shangazi," nikasema. "Matatu. Nilifuta makaa. Kuku hakula kitu."

Binamu alifunga daftari. Shangazi alitazama sufuria, kisha tenga, kisha vidole vyangu. Hakupaza sauti.

"Kula," akasema. "Firigisi hiyo. Usibakishe."

Nilikula. Ilikuwa ngumu, nikaitafuna muda mrefu, na wote wawili wakanisubiri hadi nilipomeza.